Somo la neva na tabia za wanyama, mwaka wa kwanza: uzoefu wangu

Nililichukua kama somo la hiari kwa sababu moja tu: ratiba yake haikugongana na nyingine. Chuo sikitaji maana nina malalamiko, ila kipo hapa hapa Dar.

Wiki nne za mwanzo ni seli za neva, na hapo ndipo watu walipoanza kusaka madesa. Ishara ya umeme ikipita, sodiamu inaingia, potasiamu inatoka, ndani ya seli iliyotulia kuna kama milivolti -70, basi, slaidi inayofuata. Saa mbili mhadhiri anasoma, sisi tunanakili. Sikuambulia kitu.

Aliyeniokoa ni ngisi. Dada anayesimamia praktiko alitupeleka soko la samaki la Feri Jumamosi asubuhi, tukachanga, tukanunua ngisi wabichi wakubwa wakubwa. Maabara akampasua mmoja kwa urefu, akamlaza wazi kama samaki wa kubanika, akawa anabandua utando polepole kwa kibanio. Chini yake ukatokea uzi unaopitisha mwanga, mwembamba kuliko tambi. Ule uzi mzima ni aksoni moja, yaani mkia mrefu wa seli moja ya neva unaopitisha ishara! Kwa ngisi mkubwa unene wake waweza kukaribia milimita 1. Za kwetu huzioni bila hadubini. Ndiyo maana wanasayansi Hodgkin na Huxley waliweza kupenyeza waya ndani ya uzi wa namna hiyo na kupima umeme wake. Kazi waliyoichapisha 1952 iliwapa Nobel mwaka 1963. Na unene una sababu: aksoni ikinenepa, ishara inakimbia zaidi, na ngisi akishtuka lazima abane mwili wote kwa mpigo mmoja, afyatue maji, atoweke. Ile sodiamu ya kwenye slaidi ikaniingia siku hiyo. (Ngisi ambao hawakupasuliwa tuliwakaanga. Sijutii.)

Nusu ya pili, tabia za wanyama, ndiyo tamu. Kazi ilikuwa kumchagua mnyama mmoja na kumwangalia wiki mbili. Nikachagua kunguru wa jalala la nyuma ya hosteli, hawa hawa weusi wenye shingo ya kijivu, ambao babu zao waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wasaidie kula taka. Siku ya tatu mmoja akaokota kipande cha chapati kikavu, akakichovya kwenye dimbwi, akakigeuza, akachovya tena, ndipo akala. Nikaandika kwa furaha: "Kunguru ana akili, amejua chapati italainika." Daftari likarudi na wino mwekundu: "Umeona nini? Andika ulichoona." Nikapata 11 kati ya 20. Niliumia, lakini tangu hapo nikawa nahesabu: amechovya mara ngapi, kwa sekunde ngapi, kipande kikavu au kibichi.

Sasa malalamiko. Mashine ya kurekodi umeme wa neva ni moja, wanafunzi 46. Praktiko ya mguu wa mende iliahirishwa mara mbili, mwisho ikafutwa, na ada ya maabara tumelipa wote. Mtihani nao ulijaa majina ya sehemu za ubongo ya kukariri. Waliopata sapu (mtihani wa marudio) wengi ni hapo. Kilichonichoma zaidi ni hiki: bata bukini wa Lorenz, mtafiti wa tabia za wanyama wa Ulaya, walipewa mhadhara mzima, Gombe ikapewa dakika 20. Mtafiti Jane Goodall aliwaona sokwe wa Gombe wakivua mchwa kwa majani mwaka 1960 huko Kigoma, kwetu, halafu tunapita kama daladala iliyojaa.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama unakwenda kusoma udaktari, lichukue. Kama unatafuta alama za bure, tafuta kwingine. Na ukigawiwa makundi ya praktiko, ng'ang'ania la asubuhi: kundi la mchana walitumia ngisi waliolala juani, wakararua watatu bila kuuona uzi.