Vivuli vya nje kwa nyumba za Dar es Salaam: kipi kinastahili fedha yako

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi Mbezi, Goba, Kigamboni na kwingineko jijini Dar es Salaam zina paa lililofichwa nyuma ya ukuta mfupi, madirisha mapana ya aluminiamu na kuta zisizo na upenu hata wa shubiri moja. Kwa macho zinapendeza. Hata hivyo, upenu uliokatwa ili nyumba ionekane ya kisasa ulikuwa na kazi mbili kubwa: kuzuia jua lisifike kwenye kioo na kuzuia mvua ya upepo isilowanishe ukuta na fremu. Mwenye nyumba huhamia, hukaa msimu mmoja wa joto, kisha huanza kutafuta fundi wa kumfungia kivuli juu ya dirisha au mbele ya baraza. Tathmini hii inamhusu mtu huyo. Msingi wake ni vivuli tulivyofunga nyumbani kwetu, ambako baraza linatazama magharibi na bahari haiko mbali, pamoja na vile vya majirani na jamaa ambavyo nimevitazama vikiwa vipya na nikavitazama tena vilipochakaa.

Kwanza ni vema ieleweke kwa nini kivuli kiwe nje. Pazia zito la ndani huzuia mwanga, lakini jua limekwisha kupita kwenye kioo, na joto lake linabaki chumbani likisubiri feni au kiyoyozi kilihangaikie. Kivuli cha nje hulikatiza kabla halijagusa kioo. Idara ya Nishati ya Marekani hueleza kwamba kivuli cha dirishani kinaweza kupunguza joto la jua linaloingia wakati wa kiangazi kwa hadi asilimia 65 kwa dirisha la kusini na hadi asilimia 77 kwa dirisha la magharibi. Wenzetu wako mbali kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo hesabu yao ya kusini haitufai sana, ila ile ya magharibi inatugusa moja kwa moja, kwa sababu jua la jioni huwa chini kwao kama lilivyo kwetu.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Huanza kwa kuchagua rangi na kitambaa, ilhali jambo la kwanza la kuamua ni upande ambao dirisha linatazama. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kimo cha digrii 60 hivi kutoka upeo wa macho. Mwezi Desemba huhamia kusini na kusimama juu zaidi, digrii 73 hivi. Chukua dirisha lenye urefu wa meta 1.2 kwenda chini. Likitazama kaskazini, kivuli kilicholala sawasawa kinachotokeza sentimeta 70 kitalifunika lote saa ya adhuhuri mwezi Juni. Likitazama kusini, hata sentimeta 40 zinatosha mwezi Desemba. Sasa ligeuze dirisha hilo hilo litazame magharibi. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka hadi karibu digrii 20, na ili kulizuia kwa kivuli kilicholala utahitaji kitokeze zaidi ya meta 3, jambo ambalo hakuna dirisha la chumba cha kulala linaloweza kulibeba. Upande wa mashariki una shida hiyo hiyo asubuhi, ingawa asubuhi watu wengi huwa wameshaondoka na nyumba haijapata moto. Kwa hiyo kaskazini na kusini unahitaji kitu kifupi kinachotokeza, na magharibi unahitaji kitu kinachoning'inia. Muuzaji anayekupa bei ya kila dirisha kwa kipimo kimoja bila kuuliza jua linazama wapi hajaifikiria nyumba yako.

Kivuli kinachovutia kuliko vyote dukani ni kile cha kukunja, chenye kitambaa kinachoviringishwa kwenye mrija ukutani na mikono miwili yenye springi ndani inayokisukuma mbele. Hufunguliwa kwa mkono wa kuzungusha au kwa mota. Tulichofunga kwetu kina upana wa meta 4 na hutokeza meta 3, na kitambaa chake ni cha akriliki iliyotiwa rangi tangu uzi haujafumwa, aina ambayo haipauki upesi kama turubai lililopakwa rangi juu. Kama kitambaa, sina la kulalamikia: kimekaa juani bila kubadilika rangi, kinapitisha hewa kidogo, na chini yake pana ubaridi ambao turubai la plastiki haliwezi kuutoa. Tabu iko katika mambo mawili ambayo picha za dukani hazionyeshi.

La kwanza ni mteremko. Ili maji ya mvua yatiririke badala ya kutuama, watengenezaji wengi hutaka kitambaa kiinamishwe angalau digrii 14. Kwa kivuli kinachotokeza meta 3, maana yake ukingo wa mbele utakuwa chini ya ule wa ukutani kwa kama sentimeta 75. Baraza ambalo lina nafasi ya kufungia kwenye kimo cha meta 2.7 litaachiwa ukingo wa chini ya meta 2, na mgeni mrefu atainama kila anapoingia. Ukiuinua ukingo huo ili watu wapite, maji yatatuama katikati, na milimita 10 za maji juu ya meta za mraba 12 ni lita 120, yaani kilo 120 zinazoning'inia kwenye mikono iliyoundwa kubeba kitambaa kikavu. Fundi aliyetufungia hakuligusia jambo hili hata kidogo, wala karatasi ya bei haikulitaja.

La pili ni upepo. Vivuli vya aina hii vinavyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha Ulaya cha EN 13561 hupewa daraja la ustahimilivu: daraja la 2 hufika upepo wa takriban kilomita 38 kwa saa, na la 3 takriban kilomita 49. Si upepo mdogo, lakini mkaaji wa pwani anajua jinsi wingu la mvua linavyotanguliwa na upepo wa ghafla, na jinsi kusi linavyoweza kuvuma mchana kutwa katikati ya mwaka. Matokeo yake ni kwamba kivuli cha kukunja kinadai mtu wa kukikunja. Mota yenye kihisi cha upepo hufanya kazi hiyo yenyewe, mradi umeme uwepo. Ukichagua mota, usikubali isiyokuwa na tundu la kuzungushia kwa mkono wakati umeme umekatika. Katika msimu wa masika kuna adha nyingine, kwani kitambaa kikikunjwa kikiwa kimelowa hupata koga ndani ya kasha lake, hivyo hulazimika kukifungua tena jua likitoka ili kikauke. Kwa familia ambayo daima ina mtu nyumbani, na baraza linalotazama kaskazini au kusini nyuma ya ukuta unaokinga upepo, ningekipendekeza bila wasiwasi. Kwa baraza la magharibi lililo wazi kuelekea upepo ni fedha nyingi kwa kitu kinachokaa kimekunjwa sehemu kubwa ya mwaka, na hata kikifunguliwa jua la saa kumi na moja linapita chini yake na kukupiga usoni.

Polikaboneti, yaani karatasi ngumu ya plastiki inayopitisha mwanga, ndiyo inayoonekana zaidi mitaani, hasa juu ya milango na kwenye maegesho ya magari. Ni nyepesi, haivunjiki kama kioo, na inaacha mwanga uingie, sifa ambayo wenye jiko lenye giza watashukuru. Ila mwanga unaoingia huja na joto, na karatasi ya rangi ya kahawia au kijivu hupunguza makali ya mwanga kuliko inavyopunguza joto. Mimi ningeiweka juu ya mlango wa nyuma ili mtu asilowe akitafuta ufunguo, wala nisingeiweka juu ya mahali pa kukaa. Ubora wake hutegemea ufungaji kuliko chapa. Karatasi nyingi zina kinga ya miale ya jua upande mmoja tu, na upande huo umeandikwa kwenye nailoni inayoifunika. Ikigeuzwa, itakuwa ya njano na kuanza kupasuka mapema. Pia hutanuka sana kwa joto: karatasi ya meta 3 inaweza kurefuka karibu milimita 8 kati ya usiku wa baridi na adhuhuri kali, kwa hiyo tundu la skrubu lazima liwe pana kuliko skrubu yenyewe. Ukisikia kivuli cha jirani kinalia ta, ta, ta kila wingu linapofunika jua, ujue fundi alibana kila kitu. Zile zenye mifereji ndani zifungwe mifereji ikielekea kwenye mteremko na miisho yake izibwe, la sivyo baada ya muda utaona ukijani wa mwani na mizoga ya wadudu usioweza kuifikia.

Mabati hayahitaji maneno mengi. Ni imara, kila fundi anayajua, na kwa kivuli kifupi cha dirisha la kaskazini hayana mpinzani kwa bei. Ukichukua, kumbuka kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30, usije ukadhani namba kubwa ndiyo bora; chagua yaliyopakwa rangi nyeupe au ya maziwa, na uwe tayari kwa kelele za mvua. Makuti, kwa upande wake, yana ubaridi ambao hakuna kitu cha kiwandani kinachoufikia, lakini hayakai karibu na jiko wala mahali pa kuchomea nyama, na yanataka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache.

Kilichonishangaza kwa uzuri ni neti ya kivuli. Wengi wanaifahamu kutoka kwenye vitalu vya miche, na pengine ndiyo sababu wanaidharau. Neti nzito ya polithini iliyofumwa kwa ajili ya kufunika mahali pa watu, yenye kiwango cha kivuli cha asilimia 80 hadi 90, ni bidhaa tofauti na ile nyepesi ya bustanini. Inapitisha upepo, hivyo haivuti ukuta kama tanga la jahazi, na hewa ya moto haikwami chini yake. Haizuii mvua, na hilo lazima likubaliwe tangu mwanzo. Lakini kwa ukuta wa magharibi ndiyo jibu bora nililoliona: inaning'inizwa wima kutoka juu hadi usawa wa magoti, sentimeta 30 hivi mbele ya ukuta ili hewa ipande katikati, ikivutwa kwa waya wa chuma cha pua wenye vikazio chini. Kutoka ndani bado unaona miti na watu wanaopita, ila kwa weusi kidogo. Rangi nyeusi huachia macho yaone nje vizuri zaidi kuliko nyeupe, ambayo hung'aa jua likiipiga. Gharama yake haikaribii hata sehemu ndogo ya kivuli cha kukunja, na mpangaji anaweza kuihamisha akihama.

Kuhusu ufungaji, swali moja linatosha kumpima fundi: atatoboa wapi? Kuta nyingi za kwetu ni za tofali za saruji, na ubora wa tofali hutofautiana kiasi kwamba baadhi humeguka kwa kucha. Kivuli cha kukunja huning'iniza uzito wake wote kwenye boliti chache na kuzivuta nje kila upepo unapoinua kitambaa. Boliti hizo ziingie kwenye lenta (boriti ya zege iliyo juu ya madirisha na milango) au mkanda wa zege, si kwenye tofali tupu, na kama lenta iko chini mno, fremu ya chuma yenye miguu yake ardhini ni salama zaidi. Chuma cha kawaida kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla hakijafungwa, pamoja na ndani ya viungio vilivyochomelewa, kwa sababu karibu na bahari kutu huanzia pale brashi isipofika. Boliti za chuma cha pua za daraja la 316 hustahimili chumvi kuliko za 304, na zinapogusana na aluminiamu ziwekewe washa za plastiki ili aluminiamu isiliwe. Angalia pia maji yatakwenda wapi: kivuli kinachomwaga kwenye ukuta wa jirani kitahitaji mchirizi, na ni nafuu kuuweka siku ya kwanza.

Kwa nyumba yetu, nikianza upya leo, magharibi ningeweka neti ya wima peke yake, kaskazini vivuli vifupi vya bati jeupe, na fedha inayobaki ningepanda mwarobaini upande wa jua la jioni. Kivuli cha kukunja ningekiacha kwa mtu mwenye baraza lililojikinga na subira ya kukianika baada ya kila mvua. Na yeyote atakayekinunua aombe kwa maandishi daraja la upepo, aina ya kitambaa na muda wa dhamana ya mikono, kwa kuwa springi zilizo ndani ya mikono huchoka kabla ya kitambaa, na kuagiza jozi mpya kutoka nje huchukua muda mrefu kuliko muuzaji anavyokiri.