Tamthilia za sauti ya mashine katika duka la filamu Mwanjelwa

Duka hili la filamu, lililo karibu na Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, limejipatia wateja kutoka Uyole hadi Mbalizi kwa wingi wa kazi zake na kwa uungwana wa kijana anayehudumia. Mteja huja na flashi yake, huchagua anachokitaka kwenye kompyuta, hulipa shilingi 500 kwa filamu moja na kuondoka baada ya dakika chache. Kwa upande wa huduma sina lalamiko, kwani picha ni safi, filamu hazikatiki katikati, na iliyoharibika hubadilishwa bila maneno mengi. Ninachokitathmini hapa ni bidhaa mpya ambayo duka linaitangaza kwa bidii: tamthilia za Kikorea na za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili na akili mnemba, badala ya wale watafsiri wetu tuliowazoea, wanaosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji.

Bidhaa hiyo ina ubora wake. Matamshi yananyooka, mazungumzo hayarukwi, na bibi ambaye hawezi kufuatilia maandishi chini ya kioo anaelewa nani kamrithi nani. Sehemu mpya za tamthilia nazo hufika dukani mapema kuliko zile zinazosubiri mtafsiri akae studio. Kwa makala za wanyama na za historia ningemshauri mtu yeyote azinunue bila kusita.

Tatizo linaanza pale hadithi inapopamba moto. Katika tamthilia moja niliyoinunua kwa namna zote mbili, lori linakatikiwa breki mlimani. Sauti ya mashine inasema, "Breki hazifanyi kazi, tafadhali nisaidie," kwa utulivu uleule iliotumia kuagiza chai katika sehemu iliyotangulia. Mtafsiri wetu kwenye tukio hilohilo anapaza sauti: "Jamani, huyu anashuka Kitonga na breki zimekataa! Utingo, ruka!" Niliitazama sehemu hiyo katika kibanda umiza kimoja ambako madereva wa malori ya Tunduma hupumzika jioni, na karibu kila mtu alisimama, kwa sababu hakuna dereva wa barabara ya Tunduma asiyeujua mlima wa Kitonga na kona zake. Maneno hayo hayamo kwenye tamthilia. Mtafsiri aliyatunga papo hapo, akijua ni watu gani watakaomsikiliza.

Baadaye mama wa dereva anapokea taarifa ya msiba. Hapo mtafsiri, ambaye kwa kawaida hanyamazi, ananyamaza kabisa, anamwacha mama alie kwa lugha yake, na kibanda kizima kinatulia. Mashine inatafsiri kilio chenyewe: "Mwanangu, mwanangu, kwa nini umeniacha," neno baada ya neno, juu ya sauti halisi ya mwigizaji, mpaka uchungu wote unafunikwa. Kujua mahali pa kunyamaza ni sehemu kubwa ya sanaa hii ambayo watafsiri wa filamu kina Lufufu waliipa heshima nchini, na sijaisikia bado kwa mashine.

Sababu haiko mbali. Programu za aina hii hujifunza kutokana na maandishi na sauti nyingi zilizokwisha kutolewa, kisha hukisia kinachoelekea kufuata. Mizaha ya vijiweni Mwanjelwa na Soweto, hapahapa Mbeya, haijaandikwa mahali popote kwa wingi wa kuifundisha mashine. Hata kwa Kiingereza, lugha yenye maandishi kupita zote, mambo hayakuwa mepesi: mwezi Desemba 2022 kilianzishwa kwenye mtandao wa Twitch kipindi cha Nothing, Forever, kichekesho kilichotungwa na akili mnemba na kurushwa saa 24 bila kukoma, na Februari 2023 kikafungiwa kwa siku 14 baada ya mhusika wake kutoa kauli za kuwadhalilisha watu waliobadili jinsia. Mashine iliendelea kuzungumza bila kujua kwamba imeumiza mtu.

Sisemi kwamba teknolojia hii haina kazi kwenye televisheni. Mwaka 2025 Netflix ilieleza kwamba tukio la jengo kuporomoka jijini Buenos Aires, katika tamthilia ya El Eternauta, lilikamilishwa kwa msaada wa akili mnemba mara kumi haraka zaidi kuliko kwa njia za kawaida. Hiyo ni faida ya kweli kwa mtayarishaji asiye na fedha nyingi, awe Argentina au Iringa. Lakini jengo lile liliporomoka mahali ambapo mwandishi alitaka liporomoke. Waandishi wa Marekani waligoma kwa siku 148 mwaka 2023, na mkataba walioupata unasema wazi kwamba akili mnemba haihesabiki kuwa mwandishi na kwamba mwandishi halazimishwi kuitumia.

Waigizaji wa huko nao waligoma siku 118 mwaka huohuo, wakidai pamoja na mambo mengine kwamba sura na sauti zao zisinakiliwe bila ridhaa na malipo. Nalitaja hili kwa sababu mojawapo ya sauti za mashine zinazouzwa hapa inafanana mno na ya mtafsiri anayejulikana sana, hadi kikohozi chake kabla ya kuanza. Ikiwa hakuombwa ruhusa, basi ameibiwa kitu alichokijenga kwa miaka mingi, na mimi sitanunua kazi yenye sauti hiyo.

Kwa mwenye duka, ombi langu ni kwamba kila tamthilia iandikwe wazi kama imetafsiriwa na mtu au na mashine, maana kwa sasa zote zimechanganywa na mteja hugundua akiwa nyumbani. Bei pia itofautiane. Shilingi 500 ni halali kwa kazi ya mtafsiri, na ningelipa hata 700 nikijua kwamba sehemu yake inamfikia, ilhali kwa ile ya mashine 200 inatosha. Anayekwenda dukani kwa mara ya kwanza aombe kusikiliza dakika mbili kabla ya kulipa. Kijana hakatai, na spika anayo mezani.