Fundi wa betri ya saa ya kamera pale Kariakoo: kazi safi, ila kama una haraka usiende

Wenye zile kamera za sinema za kizazi cha 2012 hadi 2015 ambazo bado zinatuingizia ugali, hii ni yenu. Nimebadilishiwa betri ndogo ya ndani, ile iliyochomelewa kabisa kwenye bodi, na fundi mmoja kijana wa vile vyumba vya juu Kariakoo upande wa Aggrey, na mpaka naandika hapa kamera inashika saa na tarehe bila tabu. Nampa nyota nne, ya tano nimeizuia makusudi na nitasema kwa nini.

Kwa ambao hamjakutana nayo, hii sio ile betri kubwa unayochomeka nyuma. Ni kidude cha duara kama kifungo cha shati kiko ndani kabisa, kazi yake ni kuiweka saa ya kamera hai wakati umechomoa betri kubwa. Inachajiwa na kamera yenyewe kila ukiiwasha au ukiichomeka kwenye umeme, ila ikishakula miaka inachoka, na hapo kila ukibadilisha betri kubwa kamera inakuuliza upya uko nchi gani na leo ni tarehe ngapi, ukipuuza inakurudisha 1 Januari ya mwaka ambao wengine mlikuwa bado shule.

Kuna watu wanasema aah si tarehe tu, weka na endelea na kazi. Sawa kama unashuti peke yako. Sasa shuti harusi na kamera mbili na rekoda ya sauti pembeni, taimkodi ya zote (ile namba ya saa, dakika, sekunde na fremu inayorekodiwa pamoja na picha) umeiweka ifuate saa ya siku, halafu katikati ya maharusi kuingia ukumbini unabadilisha betri na kamera moja inarudi usiku wa manane. Edita wangu alikuwa anapanga vipande kwa kusikiliza MC anasema nini, kaka wa watu alinuna wiki nzima. Na kwa wale mnaofanya kazi na zile kamera kubwa za sinema za RED au ARRI ndio hata msijaribu kupuuza, maana hizo zinaandika mwezi na siku ndani ya jina la faili, saa ikiwa imekufa unajikuta na mafaili ya siku zote za shuti yanasoma 0101 na kazi ya kuyatenganisha ni yako.

Kabla ya huyu nilipita duka moja mjini (silitaji), wakaiangalia kwa nje tu, hata bisibisi hawakushika, wakaniambia mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, imekufa ibadilishwe nzima. Bei waliyotaja unapata kamera nyingine used na chenji ya lenzi. Nikasema asante nikaondoka.

Huyu wa Kariakoo swali lake la kwanza lilikuwa, "Kaka, ulishaiacha kwenye umeme siku nzima?" Hilo swali tu lilinifanya nimwamini, kwa sababu vitabu vya kamera nyingi za hivi vinasema hivyo hivyo, kamera ikikaa kabatini miezi kadhaa hiyo betri inaisha chaji kabisa, unaichomeka saa 24 ikiwa imezimwa ndio ijae. Kwa hiyo jaribuni hilo kwanza, ni bure. Mimi nilikuwa nimeshafanya na haikusaidia kitu, ndio akakubali kufungua.

Sasa hapa ndipo nilipomvulia kofia. Alichora kamera kwenye karatasi kwa kalamu, kila skrubu aliyotoa akaibandika kwa selotepu pale pale kwenye mchoro mahali ilipotoka, maana ndani mle kuna skrubu fupi na ndefu zinafanana na ukiingiza ndefu pa fupi unatoboa kitu. Fleksi, zile nyaya bapa laini za ndani, alizifungua kwa kijiti cha plastiki sio kwa bisibisi. Alipofika kwenye bodi akaipima ile betri kwa mita, ikasoma chini ya nusu volti wakati inatakiwa iwe kwenye 3 hivi. Akaing'oa. Halafu, na hili ndilo mafundi wengi wanaruka, kabla hajaagiza nyingine akaiwashia kamera umeme na kupima pale betri ilipokuwa imekaa, aone kamera inachaji kwa volti ngapi.

Kwa nini hilo ni muhimu: betri hizi za duara kwa macho zote ni ndugu lakini sio sawa. CR2032 unayoinunua dukani kwa saa ya ukutani au rimoti haichajiki, ukiiweka kwenye bodi inayopeleka chaji inavimba, inavuja, inaweza hata kupasuka juu ya bodi yako. Zinazochajika ni zile za ML na VL, zote zinaandikwa volti 3, ila ML inataka kuchajiwa kwenye 3.1 hivi na VL inataka kama 3.4. Halafu kuna LIR, hiyo ni lithiamu-ioni kama ya simu inataka 4.2, kwenye saketi ya ML haitajaa kamwe. Namba zinazofuata ni vipimo tu, 2020 ni upana milimita 20 na unene milimita 2.0. Yetu ilisoma 3.1 kwa hiyo ikawa ML, akaagiza ile inayokuja na miguu yake imeshaungwa kiwandani, kwa sababu ukigusisha pasi ya lehemu moja kwa moja kwenye mwili wa betri joto linaiua kabla hata haijaanza kazi. Nikamuuliza haya umejifunzia wapi, anasema funguo za BMW! Zile E46 funguo zake zina VL2020 ndani imelehemiwa, kabadilisha nyingi sana, na wenye magari ni wakali kuliko wenye kamera.

Kung'oa kwenyewe alinikalisha pembeni nikaangalia. Akazungushia ile selotepu ya rangi ya dhahabu ya kuzuia joto, akapaka flaksi (dawa ya kusaidia lehemu kutiririka), halafu akaongeza lehemu yake yenye madini ya risasi juu ya ile ya kiwandani. Ya kiwandani haina risasi, inayeyuka kwenye nyuzi 217 kwenda juu, ukiichanganya na ya risasi inayoyeyuka 183 inalegea mapema na bodi haiungui. Mguu wa chanya ulitoka kama mchezo. Wa hasi ukagoma, kwa sababu umeungana na shaba yote ya ardhi ya bodi, yaani ule upande wa hasi uliotandazwa bodi nzima, na hiyo shaba inanyonya joto lote la pasi. Fundi mwenye papara hapo ndipo anavuta kwa nguvu na kuondoka na kipande cha bodi. Huyu aliweka pasi chini, akaipasha bodi taratibu kutokea chini na hitigani (mashine ya kupuliza hewa ya moto) ya joto dogo, akarudi, mguu ukaachia wenyewe. Akasafisha kwa spiriti na mswaki na kazi ya kulehemu ile mpya ilikuwa dakika chache tu. Feni iliyojaa vumbi akaipuliza bila kuombwa, na kamera sasa inapiga kelele kidogo kuliko zamani.

Nyumbani nikaweka saa, nikachomoa betri kubwa, nikaiacha kabatini wikiendi nzima. Nilipoiwasha tarehe ipo, saa ipo. Ila msitegemee kamera mbili zikae sawasawa siku nzima kwa sababu ya hii betri, kila saa ina mwendo wake, kufikia jioni zitakuwa zimepishana fremu kadhaa, bado unahitaji kuzisawazisha taimkodi mchana.

Haya, nyota ya tano. Betri hakuwa nayo, ikabidi iagizwe, na kila nikipiga simu jibu ni "kesho kutwa kaka, mzigo uko njiani". Wakati huo kamera imefunguliwa matumbo nje iko mezani kwake na mimi nimekodi nyingine kwa hela yangu. Ningependa apime kwanza, aifunge, aagize, ndio aniite. Nimemwambia, kacheka tu. Chumba kina joto la ajabu na kiti ni kimoja, cha kwake.

Bei nilipewa elfu themanini, betri na ufundi pamoja, na ikirudi kuharibika ndani ya miezi mitatu anarekebisha bure, hiyo ni kwa mdomo, hakuna karatasi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, pia hana, kwa hiyo kama kamera ni ya ofisi na mhasibu wenu ni mkali, malizaneni naye kabla hujapanda zile ngazi.