Kalamu ya TDS: inafaa kwa maji, si kwa mchicha

Kalamu hii ya kupima TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, inanadiwa mitandaoni kuwa inaonyesha sumu ya mboga. Haiwezi. Inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha inakupa ppm (miligramu kwa lita) ya chumvichumvi zote kwa jumla, bila kujua ipi ni madini ya risasi na ipi ni chumvi ya mezani. Hatua yake ndogo kabisa ni ppm 1. Ukomo wa WHO wa risasi kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, mara 100 chini ya hapo.

Ijaribu. Tia gramu 1 ya chumvi kwenye lita 1 ya maji ya bomba, namba itapanda kwa 1,000 hivi. Kisha chemsha mchicha, hata wa bustani safi ya Tukuyu: supu itasoma juu kwa sababu ya potasiamu, ambayo ndiyo tunayoitafuta kwenye mboga! Anayeiamini atatupa mboga nzuri.

Hatari yenyewe ya metali zenye sumu kwenye mboga ni ya kweli. Kadimi, mojawapo ya metali hizo, hupandia mizizini, hasa kwenye udongo wenye tindikali, na ikifika kwenye figo hukaa miaka 10 hadi 30 kabla hata nusu yake haijatoka. Kuosha hakuiondoi. Risasi, inayoharibu ubongo wa watoto, mara nyingi imo kwenye tope na vumbi la juu ya jani, na hilo hutoka: fungua fungu, kata mizizi, sugua jani pande zote mbili kwenye maji yanayotiririka, usisahau kikonyo. Kabichi bandua majani ya nje, karoti menya. Figiri la kando ya barabara ya TANZAM au la mtaro unaopokea maji ya gereji, liache.

Anayetaka namba ya kweli aanzie kuulizia ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Mbeya. Aandae kilo 1 iliyochanganywa kutoka mafungu kadhaa, na aulize kama majibu ni ya uzito mbichi au mkavu. Hapa wengi hushtuka bure: sehemu 9 kati ya 10 za mchicha ni maji, hivyo namba ya mkavu huwa kubwa mara 10 hivi, ilhali ukomo wa Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa mboga za majani (risasi miligramu 0.3 kwa kilo, kadimi 0.2) ni wa mbichi.

Kwa kupima mbolea kwenye pipa la haidroponiki (kilimo cha maji bila udongo), nyota 4. Kwa mboga za soko la Mwanjelwa, Mbeya, nyota 1.