Rula na violezo vya mfarishi wa vipande: cha kununua, cha kuchongesha na cha kuacha dukani

Kabla hujatoa pesa ya rula ya kazi ya vipande, jiulize kwanza: kitambaa unakikata kwa mkasi au kwa kisu cha gurudumu, kile chenye wembe wa duara unaoviringika? Jibu lako ndilo linalopanga orodha hii yote.

Zile rula nene za plastiki angavu zenye mistari mingi, ambazo washonaji wa Marekani huzionyesha kwenye video, zilienea baada ya kisu cha gurudumu kuingia. Kampuni ya Olfa ya Japani ilitoa kisu hicho mwaka 1979, na aliyekitumia alihitaji ukingo mnene ambao wembe hauwezi kuupanda. Kabla ya hapo washonaji walichora maumbo kwa boksi gumu, wakakata kwa mkasi, na mifarishi yao imetunzwa kwenye majumba ya makumbusho mpaka leo. Hapa Dodoma mafundi wengi bado wanatumia chaki na mkasi. Kama na wewe ni miongoni mwao, sehemu kubwa ya vifaa unavyoshawishiwa kununua havina kazi kwenye meza yako.

Kuna jambo la pili linalotutofautisha na wenzetu wa ng'ambo. Wao hununua kitambaa kipya cha pamba na kukikata mikanda mirefu. Sisi tunaanza na mabaki: vipande vya vitenge vinavyobaki chini ya cherehani, kona za shati, masalia ya sare za harusi. Kipande chenye upana wa kiganja hakihitaji rula ndefu. Kinahitaji kiolezo kidogo, yaani umbo la kuzungushia chaki, unachoweza kukisogeza mpaka ua la kitenge likae katikati. Ndiyo maana mpangilio wangu hauanzi na kifaa cha bei kubwa.

Nafasi ya kwanza: rula ya chuma ya sentimita 60, pamoja na mkebe wa mwanafunzi

Rula ya chuma utaipata kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na baadhi ya steshenari. Chukua yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Vitenge vingi vina upana wa inchi 44 hadi 46, kwa hiyo ukikikunja katikati unabaki na inchi 22 au 23. Rula ya sentimita 60 inavuka kutoka kwenye mkunjo hadi kwenye pindo bila kuisogeza. Hata rula maarufu ya ng'ambo ya inchi 24 ilipata urefu wake kwa sababu hiyohiyo.

Mkebe ndio kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote, na mimi nautetea kwa nguvu zote. Ndani yake mna pembe tatu mbili za plastiki angavu: moja ina nyuzi 45, nyingine ina nyuzi 30 na 60. Hizo ndizo pembe ambazo kwingine watu hununua moja moja kwa bei ya juu. Nyuzi 45 inakupa nusu ya mraba, nyota nyingi na mapindo ya kona. Nyuzi 60 inakupa pembe tatu sawa na almasi. Bikari nayo inakupa pembe sita: chora duara, kisha bila kubadilisha upana wa bikari, tembea nayo kwenye mzingo na kuweka alama. Itagusa mahali sita na kurudi ulipoanzia. Unganisha alama hizo kwa mistari, na umepata kiolezo cha sega la nyuki ambacho pande zake zote zinalingana na upana wa bikari yako.

Usinunue mkebe bila kuujaribu. Chora duara moja palepale dukani. Kama mstari haukutani na mwanzo wake, kiungo cha bikari kimelegea, uache.

Rula nayo ipimwe, na kipimo chake ni rahisi. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo alama ya inchi 10 lazima iangukie sentimita 25.4, na ya inchi 12 iangukie 30.48, karibu nusu sentimita kupita 30. Kuna rula za plastiki ambazo inchi 12 na sentimita 30 zimekaa sawasawa. Irudishe hiyo kwa muuzaji. Tazama pia sifuri inaanzia wapi, kwa maana rula nyingi za plastiki huacha nafasi kidogo kabla ya sifuri, na za chuma nyingi huanzia ukingoni kabisa. Ukichanganya za aina mbili kwenye kazi moja, vipande havitalingana. Kupima unyoofu, chora mstari, geuza rula juu chini, chora tena kupitia alama zilezile mbili. Ukiona mwanga kati ya mistari hiyo, rula imepinda.

Huenda mtu akasema haya ni mambo madogo. Hebu tufanye hesabu. Umekosea milimita 1 tu kila upande wa kipande. Safu ya vipande 12 ina pande 24, kwa hiyo safu hiyo imepotoka kwa milimita 24, karibu inchi nzima. Unapofika kuiunganisha na safu ya pili, unalazimika kuvuta kitambaa, na mfarishi unavimba katikati. Mteja hatajua sababu, ila ataona haukai vizuri kitandani.

Kwa sababu hiyohiyo, futi kamba lako la kupimia wateja lisitumike kupimia vipande. Kamba huvutika kadiri linavyozeeka. Ni zuri kiunoni na mabegani, lakini siyo kwenye mraba wa inchi 3½.

Nafasi ya pili: violezo unavyokata mwenyewe

Hapa ndipo pesa nyingi inapookolewa. Mfarishi mzuri hauhitaji violezo ishirini, unahitaji miraba minne tu. Kata inchi 2½, 3½, 4½ na 6½. Ukishashona kwa kuacha robo inchi kila upande, inabaki inchi 2, 3, 4 na 6. Sasa angalia: namba zote hizo zinaingia kwenye 12 bila kubakiza. Kwa hiyo bloku ya inchi 12, yaani mraba mmoja mkubwa wa mfarishi, inaweza kutoka kwenye vipande 4 vikubwa, au 9, au 16, au 36 vidogo, na bloku zote zikakaa pamoja kwenye mfarishi mmoja. Fundi mwenye mfuko wa mabaki ya kila saizi hapo amepata pa kuweka kila kipande, hata kile alichokuwa anataka kukitupa.

Manila inafaa kuanzia, lakini kona zake hulika. Baada ya kuizungushia chaki mara nyingi, kona inakuwa duara na kipande kinapungua. Filamu ya zamani ya picha ya eksirei ni bora zaidi: inakatika kwa mkasi, haichakai haraka, na mwanga ukipita unaona kitambaa chini yake. Boksi gumu na majalada ya kalenda ni mazuri kwa maumbo utakayotumia mara chache. Kwa pembe sita za kushona kwa mkono juu ya karatasi, kurasa za madaftari yaliyoisha zinatosha kabisa. Kumbuka tu kwamba karatasi hiyo huwa na saizi ya mwisho, yaani ya kipande kilichokwisha kushonwa, na kitambaa ndicho kinachozidi robo inchi pande zote.

Andika juu ya kila kiolezo saizi yake na maneno "pamoja na mshono" au "bila mshono". Usiache hata kimoja bila maandishi.

Ukitaka kuchapisha umbo kutoka kwenye intaneti, mwambie mhudumu wa steshenari achapishe kwa asilimia 100. Programu nyingi hupunguza ukurasa kidogo ili utoshe kwenye karatasi, na mraba wa inchi 6½ unatoka ukiwa umepungua. Pima kwa rula yako ya chuma kabla hujalipia nakala nyingine.

Nafasi ya tatu: plastiki ngumu ya fundi mabango

Kwa anayekata kwa kisu cha gurudumu, hii inapanda na kuwa ya kwanza. Mafundi wanaotengeneza vibao vya ofisi na mabango hutumia akriliki, plastiki ileile ambayo rula za kuagiza hutengenezwa, na wale wenye mashine ya leza huikata kwa usahihi mkubwa. Mji wenye ofisi nyingi kama huu haukosi kazi hiyo. Omba unene wa milimita 3. Wembamba zaidi ya hapo wembe unaweza kuupanda.

Siri ya bei nafuu ni kuomba mabaki. Fundi akishakata kibao kikubwa, pembeni hubaki vipande ambavyo havimfai, lakini mraba wako wa inchi 4½ unakaa humo vizuri. Peleka mchoro wenye vipimo kwa milimita ili msielewane vibaya: inchi 2½ ni 63.5, inchi 3½ ni 88.9, inchi 4½ ni 114.3, na inchi 6½ ni 165.1. Mwombe achore mstari wa robo inchi kuzunguka kingo, na aongeze mstari kutoka kona hadi kona. Mistari hiyo iwe upande wa chini, unaogusa kitambaa. Ikiwa juu, unene wa plastiki unakudanganya jicho ukiinama kidogo pembeni.

Kama fundi hana leza na anakata kwa msumeno, lainisha kingo kwa msasa laini, kisha pima upya. Akriliki yenye rangi ya machungwa au ya kijani huonekana vizuri juu ya kitenge cha giza kuliko isiyo na rangi.

Wapo wanaokwenda kwa fundi vioo wakakatiwa kioo cha dirisha. Hapana. Kikianguka mezani umepoteza kiolezo, na mikono yako ndiyo mtaji wako.

Nafasi ya nne: rula moja ya kuagiza

Moja, siyo seti. Kama kazi yako imekua, unakata vitambaa vipya kwa wingi na una mkeka wa kukatia, basi rula ya inchi 6½ kwa 24½ ina thamani yake. Kampuni ya Creative Grids inaitengeneza kwa saizi hiyo, na ya Omnigrid ina ya inchi 6 kwa 24. Ninaipendelea ya 6½ kwa sababu inakata mkanda wa inchi 6 pamoja na mishono yake bila kuongeza hesabu.

Bei ya tangazo siyo bei utakayolipa. Ongeza usafirishaji na kodi za forodha, uulize jumla kabla ya kulipa. Njia rahisi ni ndugu anayesafiri, au kuitafuta Dar es Salaam na kuomba mtu akuletee kwa treni ya SGR. Mwambie aifunge kati ya vipande viwili vya mbao. Urefu wa inchi 24 hauvumilii kukanyagwa na mizigo.

Rula ya chuma isishike nafasi hii. Ni nyembamba, gurudumu la wembe linaweza kuipanda na kufika kidoleni, na likigonga chuma linakuwa butu. Chuma kiwe cha chaki na mkasi tu.

Nafasi ya mwisho: seti za maumbo maalumu

Rula ya nusu mraba, rula ya bukini (ya pembe tatu zinazopangwa kama bata bukini wanaoruka), rula ya kabari, seti ya vipande kumi kwenye mfuko mmoja. Nyingi zinauza hesabu ambayo unaweza kuiweka kichwani. Ukitaka mraba uliotengenezwa na pembe tatu mbili, chukua saizi ya mwisho, ongeza 7/8 ya inchi, kata miraba miwili ya rangi tofauti. Iweke uso kwa uso, chora mstari kona hadi kona, shona robo inchi kila upande wa mstari, kisha kata katikati. Umepata miwili kwa mpigo. Kwa mraba wa mwisho wa inchi 3, utakata inchi 3 na 7/8. Mimi hukata inchi 4 kamili, halafu napunguza hadi 3½ kwa kutumia mraba wenye mstari wa kona. Kitenge kinavutika kikikatwa kimshazari, na ziada hiyo ndogo inakuokoa.

Seti za bei chee zina tatizo jingine: alama zimepakwa juu tu. Sugua alama kwa kidole chenye maji, ukiona wino umeanza kutoka, ondoka.

Kuvitunza

Vumbi la kwetu ni kali. Chembe zikikaa chini ya plastiki, kila unaposogeza zinachora mikwaruzo mpaka mistari haisomeki, kwa hiyo futa kwa kitambaa laini kabla ya kazi. Usiache plastiki barazani juani, itapinda. Ili rula isiteleze, gundisha vipande vidogo vya tyubu ya baiskeli au msasa kwenye kona za chini.

Wanaoshona kwa kikundi wachange wanunue rula ndefu moja, kisha violezo vya kila mwanachama vichongwe siku moja kwa fundi mmoja. Mkivipokea, vipangeni vyote vya saizi moja juu kwa juu na mpitishe kidole kwenye kingo. Kinachojitokeza au kuingia ndani kirudisheni hapohapo, kabla fundi hajafunga.