FreeDOS 1.3 kwenye kompyuta ya mtumba: uzoefu wangu dukani Kibuye

Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi Kibuye, Kisumu, na ankara zake hutoka kwenye programu ya Clipper (lugha ya kuandikia programu za hifadhidata kwenye DOS) aliyoandikiwa miaka ya tisini. Hataki kusikia habari za nyingine. Kompyuta yake ilipokata roho nilimtafutia Pentium III ya mtumba, nikaiwekea FreeDOS 1.3, mfumo endeshi unaoendesha programu za MS-DOS, ile ya zamani ya Microsoft. Ni ya bure, na kwa kazi hii naipa nyota nne.

Kuiweka kutoka kwenye CD hakukunisumbua. Kipanya nacho kiliitika papo hapo kwa CTMOUSE, draiva yake. Kilichonitoa jasho ni ile Clipper kulalamika kwamba imeshindwa kufungua mafaili. Dawa yake naijua: kuongeza FILES (idadi ya mafaili yanayoweza kufunguliwa kwa pamoja) ndani ya CONFIG.SYS, faili la mipangilio linalosomwa mashine ikiwaka. Nikaandika 80, nikawasha upya, kelele ni zile zile. Mara tatu! Kumbe FreeDOS ikikuta FDCONFIG.SYS husoma hiyo na kuiacha CONFIG.SYS ilale. Mliozoea MS-DOS, shikeni hapo.

Printa ni Epson LX-300, ile ya sindano, maana wateja wanataka ankara ya nakala tatu, na printa ya wino haigongi karatasi hata alama ifike nakala ya chini. Muuzaji mmoja mjini aliniuzia waya wa USB wa kuunganishia printa, akaniapia kwamba unafanya kazi na kompyuta yoyote. Wapi! Programu ya zamani hutuma herufi moja kwa moja LPT1, yaani tundu la printa lenye anwani 378, na waya ule hauna anwani hiyo. Bila draiva ya Windows ni kamba tu. Shilingi mia nane zikaenda na maji. Niliporudi kwake aliniuliza, kwani Windows ina ubaya gani?

Basi nikatafuta kebo nene ya zamani, ile inayoingia kwenye tundu la pini 25 nyuma ya mashine. Bado kimya. Nikaingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), kwenye hali ya tundu hilo nikatoa ECP nikaweka SPP, ile ya kawaida ya zamani, kisha nikaandika:

ECHO HABARI MJOMBA > LPT1

Krrriii! Kichwa kikakimbia, maneno yakatokea kwenye karatasi zote tatu. Mjomba akaichana ya juu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Betri ya CR2032 inayotunza saa ya mashine ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila stima ikipotea ankara zilirudi mwaka 1980, nikabadilisha. Diski ngumu iliyokuwa ikikoroma niliitoa, nikaweka kadi ya kumbukumbu ya CF ya GB 4 kwa adapta ya IDE, tundu la diski za zamani. Sasa mashine haina kelele, ila nyota ya tano imepotelea hapa: ukichomeka flashi mashine ikiwa imewaka, FreeDOS haiioni mpaka utafute draiva, na nilizojaribu zimekataa. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni niko sakafuni na bisibisi, nafungua kasha, nachomoa kadi, nakopi data kwenye laptopu, huku Mjomba akiniuliza kama nimeharibu.