Mkomani au Kashmir, ukae wapi Lamu?

Bora kupanga Mkomani, mtaa wa mji wa kale, au ujenge huku mitaa mipya ya Kashmir na Wiyoni? Mimi nasema hivi, nyumba ya Mkomani kuta zake mnene za matumbawe na chokaa, dari ya boriti, mchana wa joto la kaskazi wala huhangaiki na feni, na ukitoka tu mlangoni kuna baraza, wazee wamekaa wanapiga soga, mtoto akizurura kila mtu anajua ni wa nani. Shida ukarabati, tangu mji uingie urithi wa dunia wa UNESCO 2001 hupachiki tu dirisha la aluminiamu utakavyo, na mafundi wa chokaa wanaoijua kazi si wengi.

Kashmir ni bloki za simiti na mabati, unajenga chumba kimoja kimoja kadiri ya mfuko, kwa kijana anayeoa hiyo nafuu kubwa. Lakini joto jamani! Na nyingi zinainuka ukuta na geti tu, majirani mnaonana msikitini.

Mimi nikiweza nakaa Mkomani. Ukijenga Kashmir, tafadhali acha baraza nje na njia punda apite na mzigo.